Mgeni Aliyekuja Kuipima Sindano Yangu

Sijawahi kumwonea wivu mwanamke kwa sababu ya sura. Wenye sura nzuri Garissa walikuwa tele, kila anayepita sokoni na mtandio wake ana macho ya kumfanya mtu ajikwae, na mimi mtu wa Malindi mwenye pua ya kawaida nilikubali mapema kwamba uwanja huo si wangu. Wivu ulinipata kwa njia nyingine kabisa. Ulinipata kwa sababu ya hesabu, tena hesabu za mafungu na asilimia, mambo niliyodhani nimeachana nayo siku niliyotoka kidato cha nne.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa muuguzi wa chanjo katika zahanati moja ya mjini, na watu waliniita sista. Dawa ya surua ikipata joto inakufa, na ikishakufa haibadiliki rangi wala harufu. Unaweza kumchoma mtoto maji matupu, akalia, mama akashukuru, na wewe ukaenda zako nyumbani umeridhika. Kwa hiyo kazi yangu hasa haikuwa sindano, ilikuwa friji. Tulikuwa na friji moja ndefu ya mafuta ya taa, yenye tabia mbaya, na katika joto la Garissa, ambapo hata mbuzi hulala chini ya malori yaliyoegeshwa, ile friji ilihitaji kubembelezwa. Nilifika kabla ya wenzangu nikasafisha utambi, nikajaza mafuta, nikainama kuangalia kama moto ni wa buluu, kisha nikasoma kipimajoto. Mume wangu alinitania kwamba nina mume wa pili kazini, mweupe, mnywaji wa mafuta ya taa.

Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari. Msomali wa upande wa Diff, mrefu, mpole, mtu asiyesema jambo mpaka alihakikishe. Ukimwambia mvua inakuja, haitikii tu. Anatoka nje kwanza atazame. Nilimpenda kwa hilo, na wanawake wenzangu waliochoka na waume waongo waliniambia nina bahati. Tulikuwa na watoto watatu. Mama yake alikaa nasi. Watoto walimwita ayeeyo, yaani bibi, nami nikamwita hooyo, mama, kama alivyomwita mwanawe. Mimi na hooyo tulielewana kwa Kiswahili chake cha sokoni na Kisomali changu cha kuombea chumvi.

Kisha surua ikaingia mjini. Ukame ulikuwa umewasukuma watu kutoka pande zote, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, na watoto wakajaa wodini katika hospitali ya mji mpaka wakalazwa wawili wawili kitandani, macho mekundu, midomo imepasuka. Kilichonitisha ni kwamba baadhi yao nilikuwa nimewachoma mimi mwenyewe. Niliwakumbuka. Siku moja nilipita wodini kumjulia hali mtoto wa jirani, mama mmoja akanivuta gauni.

"Sista, wewe nachoma mtoto, mtoto nalia, nabata homa, mimi nabembeleza. Sasa angalia yeye. Sindano yako ilienda wabi?"

Nilimwambia hakuna chanjo inayokinga watoto wote, wachache hupenya. Akanitazama kwa jicho la mtu aliyeuziwa maziwa yaliyochanganywa na maji. Baada ya hapo maneno yakaenea sokoni kwamba sista anachoma maji, na wapo akina mama walioanza kuwaficha watoto wao nikipita.

Mganga mkuu wa wilaya akaomba mtu kutoka chuo kikuu Nairobi, mtu wa hesabu za magonjwa, aje apime kama chanjo yetu inafanya kazi. Nilitarajia mzee mwenye miwani. Akaja mwanamke wa rika langu, amevaa viatu vya ngozi visivyo na vumbi, mzaliwa wa Lafey, mtoto wa wafugaji aliyesoma mpaka vitabu vikamwogopa. Alihitaji msaidizi anayejua hesabu na anayejua mji. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, na mganga mkuu alimfahamu mume wangu. Ndivyo alivyoingia nyumbani kwangu.

Kibarazani tulikuwa na ubao ambao mume wangu aliutumia kuwafundishia wanafunzi wa masomo ya ziada. Mgeni alishika chaki siku ile ile ya kwanza, akachora duara mbili, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai akanigeukia.

"Abaayo," akaniambia, neno lao la kumwita dada, "hii duara kubwa ni mji, na hii ndogo ni wodi. Tuseme nusu ya watoto wa mji wamechanjwa. Kama chanjo ni maji, surua haitabagua. Tukienda wodini tutakuta nusu wamechanjwa na nusu hawajachanjwa, sawa na mjini. Lakini chanjo ikiwa na nguvu, wodini waliochanjwa watakuwa wachache kuliko walivyo mjini. Pengo kati ya wodi na mji ndilo litakalotuambia nguvu ya chanjo."

Nilielewa mara moja, na hilo ndilo lililoniudhi. Ningependa awe mwalimu mbaya. Mume wangu aliwahi kujaribu kunifundisha hesabu za mafungu tulipokuwa wachumba, tukaishia kugombana, na hapa mwanamke mwingine alikuwa amenieleza kabla chai haijapoa. Kisha wakaendelea wenyewe. Waliingia kwenye Kisomali, na kutoka Kisomali wakaingia kwenye herufi na alama, wakipokezana chaki. Zote mbili zilikuwa lugha nilizozisikia kila siku nyumbani mwangu bila kukaribishwa ndani. Mume wangu alicheka kwa sauti. Yeye si mtu wa kucheka, hutabasamu tu, nami nilikuwa nimezoea kuhesabu tabasamu lake kuwa ndicho kicheko chake.

Tangu siku hiyo nilianza kunusa mashati ya mume wangu kabla ya kuyafua. Yalinuka chaki. Jirani mmoja, mama wa maneno mengi, aliniuliza juu ya ukuta kama nimeshaandaa chumba cha mke mwenzangu, akacheka, nami nikacheka naye huku natamani kumrushia ndoo. Nikamwuliza mgeni waziwazi, nikijifanya nazungumza tu, kama ameolewa. Akanionyesha picha ya mume wake aliye Nairobi, mtu mnene mwenye uso wa furaha, na akaniambia jinsi anavyomkumbuka. Kwa hiyo hata hilo la kumchukia kwalo sikulipata. Hakuwa anamtaka mume wangu. Alikuwa anatumia tu kichwa chake, sehemu ambayo mimi sikuwahi kuihitaji, na mume wangu alikuwa ananawiri kwa kutumiwa.

Hooyo naye alinimaliza. Alikuwa na mkebe wake wa nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuzamishwa kwenye samli na iliki. Mkebe ule ulikaa juu ya kabati na haukufunguliwa ovyo. Kwangu mimi ulifunguliwa nilipojifungua, na nilijua ni heshima. Mgeni alikuja mara ya pili tu, hooyo akapanda kiti mwenyewe, akaushusha. Walikaa mkekani wakila na kutajana koo na visima, mgeni akimwita eeddo, shangazi, na hooyo akimpapasa bega. Mimi nilitengeneza chai. Nikaitia tangawizi nyingi ya kumkata ulimi. Mgeni akanywa, akafumba macho, akasema hajawahi kunywa chai tamu namna hiyo, akaomba kikombe kingine.

Ili kujua mji una watoto wangapi waliochanjwa, ilibidi watu waende nyumba kwa nyumba. Mgeni aliwachukua walimu wasichana wa shule za msingi, akawafundisha maswali: mama ana watoto wangapi, nani amechanjwa, tuone kadi yake. Nikasema nitakwenda nao, kwa kuwa nawajua akina mama wa mji ule kuliko mtu yeyote. Mgeni akakataa kwa adabu.

"Abaayo, kinachopimwa ni kazi yako. Ukiwepo, watu watasema majibu yamepikwa."

Alikuwa sahihi. Usahihi wake ulinikata maini. Nilirudi kwenye friji yangu, nikasafisha utambi uliokuwa tayari safi.

Jioni hiyo mume wangu alinikuta natwanga iliki. Akakaa kwenye kigoda, akanitazama kidogo, halafu akauliza, "Ule moto wa friji umewahi kuzimika?"

"Haujawahi."

"Hata ulipokwenda Malindi kumzika baba?"

"Nilimwachia mwenzangu. Nilirudi nikasoma kipimajoto, kikawa pale pale panapotakiwa. Haujawahi kuzimika."

"Sawa," akasema.

Niliijua sawa ile. Ni ile anayompa mwanafunzi anayemwambia amefanya kazi ya nyumbani lakini amesahau daftari. Si ya kukubali wala si ya kukataa. Nilichokitaka kilikuwa kidogo sana, na nakitaja hapa waziwazi ili kisichanganywe na mengine: nilitaka mume wangu aniamini mimi kabla hajamwamini mwanamke yule. Angesema tu, najua, mke wangu, haujazimika. Mji mzima ungeweza kuendelea kusema nachoma maji na mimi ningelala usingizi.

Hakusema. Aliinuka akaenda kufuta ubao ili kesho wapate nafasi.

Majibu yalipotoka alirudi nyumbani mchana na unga wa chaki kwenye mikono ya shati, akavua viatu taratibu mno. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Wodi na mji zimelingana," akasema.

"Maana yake?"

"Maana yake chanjo haikuonyesha kinga. Karibu hakuna pengo."

"Chanjo gani? Ya nani?"

"Iliyotoka kwenye friji yako."

"Na wewe unaamini hivyo?"

Akafikiri, kwa sababu yeye hufikiri hata anapoulizwa kama ana njaa. "Tumeipitia hesabu mara kadhaa. Haina kosa."

"Sikuulizi kuhusu hesabu."

"Ndivyo inavyosema," akajibu, kwa upole ule ule niliompendea, na siku hiyo nilitamani angalau anipigie kelele. Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia aende akaoe ubao. Hooyo alisikia kutoka chumbani, akaanza kufukiza udi nyumba nzima kama afanyavyo panapokuwa na ugomvi, tukanyamaza wote kwa sababu ya moshi.

Siku iliyofuata mganga mkuu alisimamisha chanjo zahanatini kwangu. Friji ikafungwa kwa utepe. Chupa kadhaa zikawekwa kwenye boksi la barafu zikapelekwa Nairobi kupimwa, na Nairobi ya wakati ule haikuwa na haraka. Akina mama waliokuwa bado wananiamini walifika na watoto mgongoni wakaambiwa warudi, huku surua inaendelea na kazi yake bila kusimamishwa na mtu. Nami nikapewa likizo ambayo sikuiomba. Nilikaa nyumbani nikifua nguo zilizokuwa safi, nikisikia kutoka kibarazani sauti ya chaki na sauti zao mbili, sasa za chini, sauti za watu wanaomhurumia mtu aliye ndani. Huruma ya yule mwanamke niliichukia kuliko viatu vyake.

Zilibaki nyumba chache ambazo hazijaulizwa maswali, na yetu ilikuwa mojawapo. Mgeni alikuwa ameiruka kwa kuwa ni nyumba ya muuguzi mwenyewe. Baadaye akaona kwamba kuiacha nako ni upendeleo. Asubuhi moja akaja na mmoja wa wale walimu wasichana. Mwalimu aliingia peke yake kwanza, mgeni akabaki nje anaagana na dereva. Mimi nilikuwa uani nyuma ya ukuta, mikono kwenye povu, na kila kitu nilikisikia.

Nilimsikia hooyo akiwapeleka watoto wangu wawili wakubwa nyuma ya zizi la mbuzi, akiwanong'oneza wakae kimya. Sikushtuka. Alikuwa akifanya hivyo kila alipokuja mtu asiyemjua, nami nilishaichukulia kuwa tabia ya uzee wake. Kisha mwalimu akaketi, akasalimia, akauliza.

"Mama, hapa mna watoto wangapi?"

"Mtoto ni moja tu," akajibu hooyo. "Hii mdogo. Yeye nakohoa, hana nguvu, si mzuri."

Yule mdogo hakuwa na kikohozi chochote. Alikuwa na mashavu ya kubanwa.

"Amechanjwa surua?"

"Bado. Umri haijafika."

"Basi nyumba hii haina aliyechanjwa," mwalimu akasema, akaandika. Ndivyo nyumba ya muuguzi wa chanjo ilivyoingia kwenye hesabu kuwa haina mtoto hata mmoja aliyepata sindano. Niliinuka na povu langu mpaka mlangoni, na pale nikamkuta mgeni amesimama kizingitini, mkoba begani, mdomo wazi. Wale watoto wawili alikuwa amekula nao sinia moja. Mkubwa wa kike alikuwa amemsuka nywele.

"Eeddo," akasema polepole, kwa Kiswahili, labda kwa ajili yangu. "Na wale wengine?"

Hooyo akamkunjia uso. "Wewe msichana ya Lafey, hujui? Mtoto mzima haihesabiwi mbele ya watu. Jicho baya nakuja."

"Na mama mwenye mtoto mgonjwa, akiulizwa?"

"Huyo nataja. Huyo imeshabatwa. Unaficha nini tena?"

Mgeni alikaa chini, pale pale kizingitini, na viatu vyake vya ngozi kwenye vumbi. Akashika kichwa. Nilidhani anaumwa, kumbe anacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, na alipoinua uso macho yalikuwa na machozi.

"Mji mzima," akaniambia. "Mji mzima wametutajia wagonjwa na wadhaifu, wazima wote wako nyuma ya zizi. Tumechukua wagonjwa wa wodini tukawalinganisha na wagonjwa wa majumbani. Lazima walingane! Hata chanjo ingekuwa ya dhahabu wangelingana." Kisha akasema kwamba bibi yake Lafey alikuwa akimwita Mbaya mbele ya wageni, wala hakuwahi kumhesabu pamoja na ndugu zake mpaka alipokwenda shule ya bweni. "Mimi mwenyewe nimelelewa nyuma ya zizi, abaayo. Nimesahau. Nimekaa Nairobi mpaka nimesahau."

Nilifurahi. Kwa muda wa kukausha mikono yangu nilifurahi kupita kiasi, kumwona amekaa chini vile, amechafuka, amekosea. Nilitaka mume wangu awepo aone. Lakini mwanamke yule hakukaa chini muda mrefu. Kabla sijamaliza kuifurahia aibu yake alikwishainuka, akajipangusa, akaanza kumwamuru mwalimu awaite wenzake wote, na hatua zake zikawa nyepesi kuliko mwanzo. Hata kukosea alikujua kuliko mimi.

Alibadilisha maswali. Neno wangapi likapigwa marufuku. Wale walimu waliagizwa waketi, wakubali chai, waseme mashallah kwa kila walichokiona, halafu wazungumze. Ni nani bado ananyonya? Ni nani ameacha ziwa? Yuko nani duksi, kwa maalim wa Kurani? Mbuzi wanachungwa na nani siku hizi? Kwa mama, hayo si kuhesabiwa, ni kuulizwa habari za nyumbani, na mama anayeulizwa habari za nyumbani hanyamazi. Nyumba iliyochukua muda wa kusalimiana sasa ilichukua birika zima. Wasichana walirudi jioni wakitembea kwa tabu, wamejaa chai hadi shingoni. Na watoto wakaibuka mjini, wanene, wenye makovu ya magoti na kadi za chanjo zilizofungwa kwenye nailoni, kana kwamba wamezaliwa juma lile.

Mimi bado sikuruhusiwa kwenda nao. Niliwaona wakipita, mume wangu mbele na mgeni kando yake, wakizungumza kwa mikono. Hata sasa, ambapo kazi ile ilikuwa ya kunisafisha mimi, nilitamani ishindwe ili wasiwe wanaifanya pamoja. Nilijua ni upuuzi. Wivu haukuniuliza.

Siku ya majibu ya pili mume wangu alikuja mbio. Mtu yule, ambaye hata kwenye moto angetembea, alikuja mbio kutoka kibarazani mpaka jikoni, akanishika mabega yote mawili mbele ya mama yake.

"Zimeachana! Wodi na mji zimeachana mbali. Chanjo inafanya kazi, inafanya kazi vizuri sana. Friji yako ni nzima!"

Mgeni akaja nyuma yake akanieleza, maana hakuweza kuacha jambo bila kulieleza. Watoto waliochanjwa mjini walikuwa wengi mno, akasema, wengi kuliko tulivyodhani wote, kwa hiyo hata wale wachache ambao sindano haikuwashika walionekana kundi kubwa wakikusanyika katika wodi moja. "Kazi yako ndiyo iliyokuponza, abaayo. Ungekuwa umewachoma wachache, wodini usingemwona hata mmoja." Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa kuhusu kazi yangu, na niliambiwa na yeye.

Utepe ukatolewa kwenye friji. Akina mama wakarudi, kwanza mmoja mmoja, halafu foleni ikafika barabarani. Yule aliyenivuta gauni wodini alikuja na mtoto wake mdogo, mwingine, akamweka mapajani akanigeuzia mkono wake. Miezi ilipita kabla Nairobi haijaandika kwamba zile chupa zilikuwa salama, na kufikia hapo hakuna aliyekuwa anasubiri.

Mgeni aliondoka kwenda Mandera, ambako surua ilikuwa imefika na ambako nako watu walikuwa wanauliza maswali yale yale. Alinikumbatia akanong'ona, "Nisamehe, nilikutia kwenye siku mbaya." Nikamwambia nenda salama. Hooyo akamfungia nyirinyiri ya njiani, nusu ya mkebe. Mume wangu akabeba mkoba wake mpaka kwenye gari, wakapeana mkono kama wanaume wawili waliomaliza kujenga nyumba.

Tulipobaki wenyewe alikaa kibarazani, amechoka, ana furaha, anatazama ubao uliojaa mwandiko wa watu wawili. Nikakaa naye. Nikamwuliza jambo moja, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kabla ya hesabu ya pili. Wewe mwenyewe, moyoni. Uliamini moto ulizimika?"

Nilimwona anafikiri. Mtu mwingine angesema, hapana, nilijua tu, na ningeuchukua uongo huo kwa mikono miwili nikaufungia kabatini. Lakini nilikuwa nimeolewa na mtu asiyedanganya.

"Sikuwa na la kuamini," akasema. "Nilikuwa nangoja."

"Alipokuja na jibu la kwanza hukungoja."

Akageuka akautazama tena ubao. Nadhani hakuwa ameliona mpaka wakati ule. Mwanamke yule alisema mara mbili. Mara ya kwanza alikosea, mara ya pili akapatia, na mara zote mbili mume wangu alimwamini palepale. Mimi nilisema jambo moja tu tangu mwanzo, lilikuwa kweli tangu mwanzo, na akangoja.